Naomba ushauri: Jumatatu ni kokasi (mkutano wa wanachama kuchagua mgombea urais) ya Republican hapa Iowa, niende ama nikae nyumbani?

Baba_DesMoines (Alhamisi, 11 Januari 2024)

Habari zenu wadau. Naombeni ushauri na tafadhali tusitukanane, hii kitu inaninyima usingizi. Mimi ni Mkenya, niko Des Moines mwaka wa 14 sasa, uraia nilipata 2022, so kokasi ya Jumatatu ndiyo yangu ya kwanza. Mimi ni mzee wa kanisa, naamini mtoto aliye tumboni ni mtu, naamini mtu ale jasho lake, kwa hivyo kujiandikisha Republican hakukunisumbua hata kidogo.

Sasa jana usiku tumeangalia mdahalo wa Haley na DeSantis, wanaowania tiketi ya urais ya chama, pale Drake University, si mbali na kwetu. Masaa mawili. Haley kila saa anatutajia tovuti aliyofungua ya kuorodhesha uongo wa DeSantis, DeSantis naye anasema Haley anagombea kwa ajili ya shida za matajiri wanaomchangia. Na mwenye anaongoza kwa mbali, Trump, hakuwepo, alikuwa mji huu huu saa hiyo hiyo anahojiwa na televisheni ya Fox, na hajakanyaga mdahalo hata mmoja, kuanzia ule wa kwanza wa Milwaukee mwezi wa nane. Christie, mgombea mwingine, naye alijitoa masaa machache kabla haujaanza. Nikajiuliza, hawa wawili wanabishania nini kama chama kishaamua?

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Dada yangu mkubwa kule Siaya anameza ARV tangu 2005. Yuko hai, amelea watoto wanne. Zile dawa ni za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, na PEPFAR alianzisha George W. Bush 2003, Republican, mtu wa kanisa kama mimi. Muda wa sheria yake umekwisha Septemba iliyopita bila kuongezwa, na waliokataa ni watu wa upande wangu wanasema hela inafikia mashirika ya kutoa mimba. Program bado inaendelea lakini kwa kuning'inia. Jana mimi sikusikia mtu akiitaja. Yaani watu wa kutetea uhai wamekwama kwenye kitu kimeokoa uhai mwingi hivyo, na hakuna mgombea anaulizwa!

Mama watoto anataka Haley, kijana wangu wa miaka 17 anataka Trump, mimi DeSantis kwa sababu ya msimamo wa mimba lakini Ukraine na mambo ya nje simwelewi. Na kuna theluji mbaya inakuja. Niende? Nipige kura ya moyo ama ya mwenye anaweza kushinda? Na jambo la mwisho msinicheke, marehemu baba alipanga mlolongo 1988 kule Kenya wakati wa KANU, chama kilipokuwa kimoja tu, akasimama nyuma ya picha ya mtu ambaye chifu hakumtaka, na tuliteseka baada ya hapo. Nikisikia watu wanakusanyika shuleni kuchagua nashikwa na baridi mgongoni.

Dada_wa_Minneapolis

Pole sana kwa hayo ya mzee wako, hakuna wa kukucheka. Mimi ni Democrat na sitakuficha, chama chako sikipendi kwa vile kinavyoongea kuhusu sisi wahamiaji. Baada ya kushindwa 2012 walikaa chini wakaandika ripoti 2013 kwamba lazima wabadilike, waongee na wahamiaji, warekebishe sheria. Miaka mitatu baadaye ukaja mchujo wa 2016, wagombea 17, na aliyeshinda ni yule aliyefanya kinyume cha ile ripoti. So wewe unataka ukirudishe wapi?

Mkuu_Houston

@Dada hapo kweli, ila ile ripoti waliandika wakubwa mezani, wapiga kura hawakuulizwa. Ndo maana ilikufa. Mchujo una nguvu kuliko ripoti yoyote. Sisi wa Bongo tunazijua kura za maoni, mtu anaongoza kwa wajumbe halafu jina linakatwa juu na hakuna maelezo. Kule Marekani wakubwa walitamani kumkata Trump 2016 wakashindwa. Mimi hilo nalipenda hata kama simpendi aliyefaidika.

Kaka midahalo usiidharau. Februari 2016 South Carolina Trump alisimama akamshambulia George W. Bush kuhusu vita vya Iraq, ukumbi ukazomea, watu wakasema kwishney. Akashinda jimbo wiki moja baadaye. Pale ndo chama kiligeuka, mbele ya kamera kabisa. Mgombea anaweza kushindwa kura lakini hoja yake ikabaki, ama akashinda na kubeba chama kizima. Ukraine wanayobishania sasa hivi ni mwendelezo wa usiku ule.

Mama_Bukavu

Baba, mimi ni Mkongomani niko hapa hapa Des Moines. 2020 nilikuwa sina papier za uraia, mwaka huu niko nazo. Nenda. Kwetu watu wamekufa juu ya kura, theluji si kitu, vaa makoti mawili.

Fundi_wa_Presinti

Nimeishi Iowa muda mrefu na nimehudhuria kokasi za Republican mara tatu, wacha nikutoe wasiwasi. Mlolongo HAUPO. Kusimama kwenye kona walikuwa wanafanya Democrats. Kwenu unapewa karatasi, unaandika jina, unakunja, zinahesabiwa palepale mbele ya watu. Hakuna anayekuona. Fika kabla ya saa moja jioni, beba kitambulisho. Na kijana kama atatimiza 18 kabla ya uchaguzi wa Novemba anaruhusiwa, mpeleke.

Ila sikiliza hili maana ndilo jibu la swali lako lenyewe. Kura ikishapigwa watu wengi wanachukua koti wanaenda. USIONDOKE. Ndipo wanachagua wajumbe wa mkutano wa kaunti na kupokea mapendekezo ya ilani ya chama. Mtu yeyote aliye ukumbini anaweza kuandika pendekezo. Huwa tunabaki wachache mno, na hao wachache ndio wanaokiandika chama kuanzia chini. Iowa imemchagua Huckabee, Santorum, Cruz, hakuna hata mmoja aliyepata tiketi ya chama, kwa hiyo kura ya moyo hapa ni jambo la kawaida kabisa, mpigie unayemtaka. Lakini hiyo habari ya dada yako iandike, karatasi moja tu.

Baba_DesMoines (Jumanne, 16 Januari)

Nimerudi wadau. Tulienda wote watatu, baridi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, gari ilikataa kuwaka mara mbili. Bado wasemaji wa wagombea wanaongea, simu zikaanza kulia kwamba Trump ametangazwa mshindi, na sisi hatujaandika kura! Mzee mmoja mzungu alikasirika akatoka. Mnajua matokeo, Trump asilimia 51, DeSantis 21, Haley 19, na kaunti moja tu kati ya 99 ndiyo ilimponyoka Trump, ikaenda kwa Haley kwa kura moja. Mama watoto anaitaja hiyo kura moja tangu asubuhi.

Nilibaki. Tulikuwa 14. Nikasimama na karatasi yangu, mikono inatetemeka, nikasoma: chama kiunge mkono PEPFAR iongezewe muda, hela isiende kwa utoaji mimba, dawa zisikatwe. Mama mmoja akauliza kwa nini hela yake iende Afrika wakati daraja la kijijini kwao limebomoka. Sikumjibu na takwimu, nikamwambia kuhusu dada yangu. Akanyamaza, halafu akapiga kura ya kukataa. Pendekezo limepita 9 kwa 5, na mimi ni mjumbe mbadala wa kaunti.

@Fundi huko kaunti wanataka liandikwe kwa lugha yao ya maazimio, nisaidie inbox kabla ya wikendi. Na kijana anauliza kama mbadala anaruhusiwa kuingia na mtu.

Fundi_wa_Presinti

Hongera sana baba. Nitumie rasimu leo usiku. Kijana mwambie aje kama mgeni, atakaa nyuma.