Shefu wa ku Facebook na shefu wa ku kazi: nani anaharibu heshima?

Bandugu ba Lubumbashi, najibu ule ndugu mwenye aliandika hapa kwamba telefone njo inauwa heshima ya bakubwa ba kazi. Anasema zamani mufanyakazi alikuwa anasikiya shefu bila kuuliza, leo TikTok imemufungua macho sasa anataka kufundisha patro kazi, odyo za WhatsApp nazo zinachafua majina, na anaomba makampuni bakataze telefone mpaka saa ya kutoka.

Mi napinga kabisa.

Telefone imefanya kitu kimoja tu: shefu mwenye tunamuona ku Facebook na shefu mwenye tunamuona ku kazi, sasa mufanyakazi anabapima bote babili saa ile ile. Tuchukue bantu ba sutretansi (kazi yenye kampuni kubwa inapatia kampuni ingine) ku migodi, juu huku kwetu bako bengi sana: kontra yako iko na kampuni ndogo, mé mawe yenye unachimba ni ya kampuni kubwa. Sheria ya Kongo ya 2017 ilisema kazi za sutretansi ziende kwa makampuni ya Bakongomani, na mi naiunga mukono. Lakini angalia vile inapita. Tarehe 1 Mei unatembea ku defile na tisheti mupya, banakupiga picha, jioni picha iko ku ukurasa wa kampuni na maneno matamu, eti bafanyakazi betu njo utajiri wetu. Chini pale muntu anaandika: na mushahara wa mwezi wa tatu, lini? Unarudi kuangalia kisha dakika kidogo, ile maneno imefutwa. Pale njo shefu anapoteza bantu! Deni ya mushahara bantu banaweza kuivumilia kama mutu anabaelezea, mé kufutiwa maulizo hapana, juu bale balisoma mbele ifutwe banaanza kuulizana mu grupu ya WhatsApp yao benyewe, ile yenye shefu haiko ndani, na mule hakuna mwenye atamutetea.

Na haiko kwetu tu. Ku Marekani, mwezi wa 12 mwaka 2021, Vishal Garg, mukubwa wa Better.com, kampuni ya kukopesha bantu makuta ya nyumba, aliita bafanyakazi karibu 900 ku Zoom akabafukuza bote mara moja, kwa dakika hata tatu hazikufika. Video ikatoka, ikazunguka dunia, akaomba musamaha, akawekwa pembeni, mwezi wa kwanza 2022 akarudi kiti yake. Kama ingepita mu ofisi mulango umefungwa, wenye kujua wangekuwa bale 900 na jamaa zao. Mé bale balibaki ku kazi nabo balimuona uso na balisikiya sauti, sasa hapo unabaambia nini tena juu ya uaminifu?

Kwa kitu kimoja ndugu yetu eko na haki, odyo za WhatsApp. Odyo inatoka, hatujui sauti ni ya nani, inasema delege wa sindika, mwenye anasemea bafanyakazi, amekula na direkta, na saa moja baadaye atelye muzima inaiamini kuliko barua yenye kashe (muhuri). Hiyo ni mubaya, inaharibu majina ya bantu. Kode ya numeriki ya 2023, sheria ya Kongo juu ya mambo ya mitandao, iko na adhabu kwa mwenye kutuma uongo juu ya muntu ku mitandao, muzuri. Lakini tribinali inakawia, odyo haikawii. Kenye kinaiuwa mbio ni shefu kusimama asubui, pale pale banaongeaka juu ya usalama mbele ya kushuka ku kazi, aseme na mudomo wake kenye kiko na kenye hakiko, na akubali maulizo.

Kwa hiyo mi naomba hivi: kampuni yenye iko na nguvu ya kutia picha za defile siku ile ile, itie pia tarehe ya mushahara pale pale, na maulizo ya bafanyakazi iyaache. Mwenye anataka telefone zikatazwe anijibu: zikikatazwa, mufanyakazi aulize wapi?