Mrejesho: mngurumo wa vali ya maitro uliokuwa hausikiki

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza kwa nini mngurumo (sauti ya damu ikipita kwa shida) wa vali ya maitro iliyosinyaa, yaani mlango mwembamba kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, hausikiki hata ukisikiliza sehemu zote nne za kusikilizia moyo kifuani. Kosa lilikuwa mkononi: kengele ya stetoskopu (upande wake mdogo wenye umbo la kikombe) ilikandamizwa. Ukiikandamiza, ngozi inakazika na kuwa kama kiwambo (upande bapa wa stetoskopu), sauti nzito ya chini inachujwa. Iegemeze tu, ukiinua ukakuta alama ya duara kwenye ngozi, ulikandamiza.

Mgonjwa alale ubavu wa kushoto. Tafuta upya pigo la ncha ya moyo kwa kidole, maana akigeuka linasogea nje ya mstari wa katikati ya mtulinga. Weka kengele hapo hapo, atoe pumzi, aishikilie kidogo. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa shingo unaodunda, upande mmoja tu: mngurumo huu unakuja kati ya pigo na pigo, si pamoja nalo.

Kwa joto letu la Tanga pangaboi halizimwi wodini, lakini ombeni lizimwe dakika mbili tu. Mvumo wa pangaboi unaumeza mngurumo kabisa. Na kwa akina mama, nesi awepo, kanga ifunike upande usiosikilizwa.