Mlioko Malaysia: huu wali wa nazi wa asubuhi wanaupikaje mbona haugandi?

Mtanga_KL

Wakuu salama. Nina wiki ya sita hapa Kuala Lumpur, nimekuja kusoma, na kuna kitu kinaninyima raha. Asubuhi nikishuka kwenda stesheni ya treni kuna mama mmoja anaweka meza ya kukunja chini ya mwavuli, bango hana, mezani kuna rundo la vifurushi vidogo vimekunjwa mfano wa sambusa nene, nje karatasi ya kaki ndani jani la mgomba. Nasi lemak. Siku ya kwanza nilinunua kwa sababu ya foleni tu, mimi nikiona watu wamejipanga kwenye chakula naunga mkia kwanza, kuuliza baadaye. Kufungua, wali wa nazi! Harufu ya tui ya nyumbani kabisa ila kuna kaharufu kengine ka majani, pembeni pilipili nyekundu imekorogwa kama rojo zito, dagaa wa kukaanga wakavu kaukau, karanga na maganda yake yale mekundu, tango slesi mbili, nusu yai la kuchemsha. Ringgit 2 na nusu. Nikala nimesimama, treni ikaondoka.

Sasa Jumamosi nikajaribu hosteli, nikapika kama bi mkubwa anavyopika, tui jepesi kwanza, mchele ukikaukia namwagia tui zito nafunika. Bokoboko! Wa yule mama punje mojamoja halafu unang'aa mafuta. Anafanyaje? Na ile pilipili mbona inaanza na sukari halafu baada ya dakika masikio yanawaka? Nilimuuliza akacheka tu, Kimalei changu kinaishia apa khabar, na hiyo nimeiweza kwa vile khabar ni habari yetu hiihii.

binti_wa_Gombak

Kaka pole, sote tumepitia, mie mwaka wa kwanza nimepika uji wa nazi mara tatu wenzangu wa chumbani wakawa wanasema wameshiba kabla sijapakua.

Kosa lako ni kuchemsha. Wapishi wenyewe wa zamani hawachemshi, wanakukus, yani wanapika kwa mvuke. Roweka mchele, uchuje, uweke kwenye chombo cha mvuke mpaka uive nusu, ndo uutoe uuchanganye na tui lenye chumvi, uache ulinywe, kisha urudishe kwenye mvuke tena. Wali unakunywa tui hauogelei kwenye tui, ndo siri yote. Kama una jiko la umeme la wali basi punguza tui, usipime kama unapima maji. Kale kaharufu ni pandani, chukua majani mawili matatu uyafunge fundo utupie humo na kipande cha tangawizi kimepondwa. Sokoni fungu bei chee. Na lemak maana yake ni ile hali ya unono wa tui, usije ukadhani wanakulisha mafuta ya mbuzi.

Sambal sasa, hiyo pilipili yenyewe, hapo ndo penyewe. Pilipili kavu unazikata kwa mkasi, mbegu unakung'uta, unaloweka maji moto, unasaga na vitunguu na belacan. Belacan ni kamba wadogo wamechachushwa na chumvi wakapondwa wakawa kama kipande cha sabuni, na harufu yake uombe Mungu. Huo mchanganyiko wote uliosaga unaukaanga na mafuta mengi kwa moto mdogo, na usiwe na haraka, nusu saa au zaidi mpaka mafuta yapande juu yajitenge. Ukiyaona hayo mafuta mekundu yanaelea ndo utie ukwaju, sukari na chumvi. Ukitia kabla inabaki na ubichi wa pilipili na tumbo ndo litakalolipa.

Mvita Boy

Sasa wali asubuhi jamani? Mimi mtu wa Mombasa asubuhi yangu ni mahamri na mbaazi, wali ni wa mchana. Nilikaa KL miaka miwili na hizo pakiti za ringgit mbili sikuzielewa, zinaisha kabla hujajua umeanza. Nenda mtaa wa Kampung Baru usiku, pale wanakuwekea sahani, kuku wa kukaanga mkubwa, paru yani mapafu ya ng'ombe, sambal ya ngisi unachagua mwenyewe, unakaa kama mtu.

binti_wa_Gombak

@Mvita Boy hiyo ya kuku tamu sikatai, lakini kuku kaja baadae. Kifurushi kilikuwa chakula cha mtu anaetoka alfajiri kwenda shamba, wali wa tui unashika tumbo mpaka adhuhuri. Nao jani la mgomba kazi yake si pambo, wali wa moto ukikaa humo saa moja unavuta harufu ya jani, jambo ambalo sahani yako ya Kampung Baru haina. Na mbaazi zako za nazi asubuhi zina tofauti gani na wali wa nazi asubuhi, hebu nambie 😂

Mvita Boy

Umenishika hapo. Lakini kuku sitoi.

mzee_wa_jodari

Mkitaka kuona Wamalei wanavyoipenda hii kitu kumbukeni 2018, Zaleha Olpin alipika nasi lemak na rendang ya kuku kwenye shindano la mapishi la televisheni ya Uingereza, jaji akalalamika ngozi ya kuku haijakauka ikawa kaukau. Rendang inachemka na tui masaa, ngozi ikauke kwa njia gani? Nchi nzima ilichachamaa, waziri mkuu naye akatia neno. Halafu mkifika majimbo ya Terengganu au Kelantan msiulizie hii tu, kule asubuhi yao ni nasi dagang, ina uwatu na mchuzi wa jodari. Mimi nilihamia hiyo moja kwa moja.

jiko_la_Temeke

Mimi nimerudi Dar, naomba msaada wa mbadala. Nilitumia majani ya mkadi maana nilisoma ni ukoo mmoja na pandani, wali ukanuka majani makavu.

binti_wa_Gombak

Hahaha dada ukoo mmoja kweli lakini mkadi unanukia ua, jani halina kitu. Bora uache kabisa utie tangawizi tu. Badala ya belacan kaanga kamba wakavu bila mafuta kisha watwange, haiwi ileile ila inakaribia. Dagaa chukua wa baharini, wa Unguja, ndo ndugu wa ikan bilis, wale dagaa wa huku, wa Mwanza wana uchungu kidogo.

Mtanga_KL

Wakuu mrejesho. Wali umekubali, punje mojamoja, nimekula mpaka ukoko. Sambal ni kesi nyingine, nilichoma ile belacan juu ya moto nikasahau kufungua dirisha, korido nzima wakatoka milangoni, jamaa wa usalama akapanda kuuliza nani amekufa humu. Nikamwonjesha akaondoka na kibakuli.

Leo asubuhi nikabeba kidogo kwenye kikopo nikampelekea yule mama. Akachovya ncha ya kidole, akafumba macho, akatikisa kichwa, "kurang manis". Sikuelewa, ndo jamaa nyuma yangu kwenye foleni akanitafsiria kwamba sukari haijatosha. Nikamwambia terima kasih mak cik, yani asante shangazi, akanipa kifurushi changu, bei ileile, ila leo nusu yai zilikuwa mbili.

Mvita Boy

Na kuku je?

Mtanga_KL

Toka hapa wewe.