Wametujengea bustani ya kupumzikia, na sasa hatuna pa kukaa

Wakuu habari za jioni. Nimejizuia wiki tatu nisiandike, leo nimeshindwa. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa barabara mbovu, haya ni mambo mawili.

Nipo Dar. Mtaa siutaji, mwenyekiti ananijua na mkandarasi ananijua zaidi. Tulikuwa na kiwanja. Mgeni akipita angesema ni pori: vumbi, mwembe mmoja mkubwa, mikungu miwili, magoli ya mirunda, na kinjia kilichokatiza katikati kwenda kituo cha daladala. Kinjia hicho hakukichora mtu, kimechimbwa na miguu tangu mimi nasoma la pili.

Asubuhi chini ya mwembe alikaa mama wa vitumbua. Mchana wazee wa bao na bodaboda wanaovizia abiria. Saa kumi watoto chandimu mpaka adhana ya Magharibi. Mtu akifiwa, turubai linafungwa pale, kwa sababu nyumba zetu hizi uani hata majamvi mawili hayaenei. Harusi pale. Mkutano wa mtaa pale. Binti yangu kajifunzia baiskeli pale, na kovu la goti analo.

Mwaka jana tukaitwa na watu wa mradi, tukaonyeshwa picha ya kompyuta ya bustani watakayotujengea pale. Nyasi kijani, chemchemi, benchi, na Wazungu wawili wamemshika mbwa wao kamba. Nikadhani kijana wa mradi kafungua faili la watu wengine. Kumbe ndiyo lenyewe. Tukauliza mwembe utabaki? Tukajibiwa mizizi yake itainua pevingi. Yaani mti umewakuta wao na pevingi zao, lakini mwenye makosa ni mti.

Sasa bustani imekamilika, nami nimeingia mara mbili, kwa hela yangu. Ndiyo, kuna uzio na geti, mkubwa 1,000, mtoto 500. Mwembe umekatwa, mikungu imekatwa. Badala yake wamepanga miashoki ukutani. Kwa asiyeijua, ashoki ni ule mti mwembamba uliosimama kama mwavuli uliofungwa. Kivuli chake kinamtosha kuku mmoja, tena akisimama wima. Nyasi zina bango la USIKANYAGE. Mpira marufuku. Chakula cha nje marufuku. Benchi ni za zege, zipo katikati ya jua, saa saba mchana hukai hapo labda unachoma makalio makusudi. Na njia wameipindapinda kama nyoka aliyekunywa mbege, wakati kituo cha daladala kipo mbele kulekule kilipokuwa. Matokeo yake watoto wa shule wanaruka uzio na mlinzi anawakimbiza na kirungu. Msanifu wa mandhari, yaani mchora bustani wa kusomea, angekaa siku mbili tu aangalie watu wanapita wapi, ndiyo aweke njia hapo hapo. Hilo nalo linahitaji ufadhili?

Mvua ilipopiga ndiyo tukaona kasheshe. Kile kiwanja cha vumbi kilikuwa kinakunywa maji. Pevingi hazinywi, zimeyasukuma yote kwa majirani wa bondeni, nyumba nne zimeingiwa mpaka usawa wa kitanda. Hapa Dar! Mji ambao Desemba 2011 watu wa bonde la Msimbazi walilala juu ya mapaa, bado tunaziba udongo kwa zege na kuita bustani.

Bango la mradi lilisema bustani "itaunganisha jamii na mazingira". Hilo neno ndilo linanichoma. Tuchukue Mnazi Mmoja ya hapa hapa Dar. Ule uwazi Mwingereza aliuacha kwa ubaguzi, Kariakoo ya Waafrika isikaribiane na Uhindini. Ulikuwa mpaka. Lakini kwa kuwa ulikuwa wazi watu wakauingia, ukawa wa mikutano ya hadhara na swala za Idi. Mkoloni kaacha uwazi ututenge, tukakutania humo. Ndugu zetu hawa wamekuja kutuunganisha na wameanza na geti.

Msije mkaniambia bustani nzuri lazima iwe hivi. Nendeni Forodhani, Unguja. Bustani ya tangu miaka ya 1930, ya jubilei ya Sultani Khalifa, ikachakaa kweli, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya 2009. Kuna taa, mifereji, ukuta wa bahari umetengenezwa. Na unaingia bure. Jioni wauza pweza na urojo wako palepale, vijana wanakimbia wanajirusha baharini kwa sarakasi, bibi na wajukuu wake wamekaa wanatazama, mtalii naye kabanwa katikati. Bei za mishikaki zimekuwa za kitalii na hilo nalilalamikia pia, ila siku nyingine. Ninachosema ni kwamba aliyeitengeneza ile hakuwafukuza waliokuwa wanaifanya iwe Forodhani.

Na wale wa "ardhi ya pale haifai miti mikubwa" nawapa Bamburi, Mombasa. Machimbo ya saruji, jiwe tupu la matumbawe, jua kali, maji ya chumvi chini. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti mle. Mingi ikafa, mvinje ukakubali. Majani yake hayakuwa yanaoza, akaleta majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Leo ni msitu, kuna twiga na viboko. Sawa, kule nako kuna kiingilio, lakini mtu kaotesha msitu juu ya jiwe. Sisi mwembe ulijiotea wenyewe, ukatulea wote, tukashindwa hata kuuacha ulivyo.

Wasanifu wa mandhari humu najua mpo, Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha fani hiyo. Nielezeni kwa lugha ya mtu wa kawaida: mnapopewa eneo kama letu, mnakuja kulitazama au mnalitazamia kwenye kompyuta? Mzee wa bao mnamchora wapi? Msiba mnauchora wapi?

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini kaniita mpinga maendeleo. Wangari Maathai, yule mama wa mazingira wa Kenya, mwaka 1989 alipokataa jengo la ghorofa 60 lijengwe ndani ya Uhuru Park, Nairobi, walimcheka mpaka bungeni. Jengo halikujengwa. Mimi siyo Wangari, mimi nina genge la nyanya, lakini kuitwa jina hilo hakuniumi.

NYONGEZA 2: Wanaouliza mama wa vitumbua yuko wapi. Yuko nje ya uzio, upande wa barabara, juani, na mgambo wameshamwaga mafuta yake mara moja. Wazee wa bao wamehamia kwenye kibaraza cha msikiti, ila wakati wa swala wanaondoka.

NYONGEZA 3: Mkutano wa mtaa ni Jumapili saa nne asubuhi, kwenye ofisi ya mtendaji inayochukua watu kumi na tano, maana kiwanja cha kufanyia mkutano ndiyo hicho kimefungwa. Naenda kuuliza mapato ya getini yanaingia akaunti gani, na ufunguo usiku analala nao nani. Mwenye picha ya ule mwembe kabla haujakatwa anitumie inbox, nataka kuichapa kubwa niende nayo.