Imeili za ofisi zinarudi: tubaki kwenye cPanel au tuhamie Google, Microsoft ama Zoho?

MzigoBandarini
Wakuu habari za leo. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha hapa Dar. Imeili za domeni ya kampuni (jina letu linalofuata @) zinarudi na ujumbe wa makosa toka kwa msimamizi wa mfumo, na walioathirika zaidi ni wateja wakubwa, hawapati ankara. Tuko kwenye cPanel (paneli ya kusimamia imeili na tovuti) ya kampuni ya hosti ya hapahapa nchini, inayotukodisha seva. Malipo ya hosti yanaisha mwisho wa mwezi, bosi anataka jibu: tulipie tena au tuhame? Wengine wanasema Google Workspace, wengine Microsoft 365, kuna kijana kaitaja Zoho, zote huduma za imeili za ofisi. Ipi nzuri? Nawasilisha.

KodiNaKamba
Ipi nzuri kwa tatizo gani mkuu? Hujasema mko wangapi, imeili mnazifungulia wapi, wala huo ujumbe unasemaje. Mailer-Daemon, yaani huyo msimamizi wa mfumo, anaandika maneno mengi ila cha kuangalia ni namba. Ikianza na 4 maana yake imekwama kwa muda, seva yenyewe itajaribu tena. Ikianza na 5 imekataliwa jumla. Bandika hapa, futa majina ya wateja kwanza.

MamaAsali
Nenda Zoho, usihangaike. Mpango wa bure unabeba watu watano, GB 5 kila mmoja, na unatumia domeni yako mwenyewe. Mimi duka langu lote liko huko, sijawahi kusikia kelele.

Fundi_Sinza
MamaAsali mwambie na upande wa pili basi. Huo wa bure hauna IMAP wala POP, njia za kuunganisha boksi la imeili na programu kama Outlook. Kama ofisi yao imezoea Outlook ya kwenye kompyuta, hapo hawaingii. Ni kivinjari au programu yao ya simu. Ukitaka IMAP, lipia.

MamaAsali
Sasa kivinjari kina ubaya gani jamani? Watu wanafungua mitandao ya kijamii kutwa nzima kwa kivinjari hichohicho.

MzigoBandarini
Samahani, nilikuwa bandarini. Tupo 11, wote Outlook, wawili wana ile ya 2010. Nimekusanya makosa yenyewe:
1. Zikienda Gmail: 550-5.7.26, inasema mtumaji hajathibitishwa.
2. Dada wa uhasibu: domeni imezidi idadi ya imeili kwa saa, 100%, ujumbe umetupwa.
3. Mzee wa operesheni hatumi kabisa, Outlook inamuuliza paswedi kila mara, 535.

KodiNaKamba
Sasa tunaongea. Hayo ni makosa matatu tofauti, na mawili kati yake utahama nayo ukihama bila kuyatibu.

5.7.26 ni Gmail anasema hana uthibitisho kwamba seva yako ina ruhusa ya kutuma kwa jina la domeni yenu. Tangu Februari 2024 Google wanataka kila anayetuma kwao awe na SPF (orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la domeni) au DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye imeili), na wanaotuma kuanzia 5,000 kwa siku wawe na vyote viwili pamoja na DMARC (agizo la kufanya nini na imeili isiyopita vipimo hivyo). Ingia cPanel, kuna ukurasa unaitwa Email Deliverability, utakuonyesha kipi kimekosekana na kitufe cha kurekebisha. Kama DNS yenu (mahali zinapokaa rekodi za domeni) iko sehemu nyingine, kitufe hakitasaidia, nakili rekodi uziweke huko iliko.

La uhasibu ndilo linanitisha. Ofisi ya watu 11 inamalizaje kikomo cha saa nzima? Ama dada anatuma taarifa za mwezi kwa wateja wote kwa mkupuo, ama kuna mtu ana paswedi yake na anatuma spamu usiku. Fungua Track Delivery, ukurasa wa cPanel wa kumbukumbu za imeili zilizotumwa, uone zilizotoka saa nane usiku. 535 ni jina au paswedi haikubaliki, anza na hilo maana ni jepesi.

Kaunta_ya_Excel
Microsoft 365 mkuu. Mnatumia Excel na Word tayari, unapata kila kitu mahali pamoja, na hayo mambo ya kikomo cha saa utayasahau.

Fundi_Sinza
Hatayasahau. Akaunti ikidukuliwa Microsoft nao wanaizuia kutuma, unapewa 550 5.1.8, na admini ndiye anakwenda kuifungua. Halafu hizo Outlook 2010 mbili zinakufa siku hiyohiyo. Microsoft walianza kuzima njia ya zamani ya kuingia kwa jina na paswedi tupu Oktoba 2022, na Outlook 2010 haijui njia mpya. Weka bei ya programu mpya kwenye hesabu ya bosi.

Njiro_Juu
Ngoja niwape yaliyotukuta, msije mkasema hamkuambiwa. Ofisi niliyokuwa nafanya kazi Arusha, mambo ya utalii, ilihamia Microsoft. Aliletwa fundi mmoja, Ijumaa jioni akabadilisha MX (rekodi inayoelekeza imeili zetu ziingie seva ipi), akapokea hela yake, akaondoka. Jumatatu nusu ya imeili zinarudi.

Kumbe rekodi ya SPF kwenye domeni inatakiwa iwe moja tu. Yeye aliacha ya hosti ya zamani, akaongeza ya Microsoft pembeni. Zikiwa mbili seva inayopokea haichagui hata moja, inahesabu ni kosa, zote zinakuwa bure. Ilitakiwa aziunganishe kwenye mstari mmoja.

Hilo lilionekana mapema. Lililotuumiza halikuonekana. Tovuti ilibaki kwenye cPanel, na kule kwenye Email Routing (mpangilio wa seva ipi inapokea imeili za domeni) palibaki "Local", yaani hapohapo. Kwa hiyo fomu ya maombi ya safari ikituma kwa info@ ya kampuni, seva inasema mbona huyu ninaye hapahapa, inaitumbukiza kwenye boksi la zamani ambalo hakuna anayelifungua. Hakuna ujumbe wa kosa! Mgeni anadhani tumepokea, sisi tunadhani msimu ni mbaya. Ilikuwa Julai. Mpaka mgeni mmoja alipopiga simu kwa hasira ndipo mhasibu akakumbuka kuingia Roundcube ya zamani, ukurasa wa kusomea imeili kule cPanel. Tulikuta maombi yamelala humo, wengine walishakwenda kwa washindani.

Na skana ile kubwa ya ofisini ikaacha kutuma nyaraka kwa imeili. Fundi hapokei simu.

Kaunta_ya_Excel
Huyo ni fundi mbovu, Microsoft inaingiaje hapo?

Njiro_Juu
Sijasema Microsoft. Nimesema usihame Ijumaa jioni na mtu ambaye Jumatatu humpati.

PwaniYetu
Mimi niko Mombasa, ofisi yetu vilevile ni ya mizigo. Tuko Google Workspace, mpango wa chini, GB 30 kwa kila mtu. Wafanyakazi hawakuhitaji kufundishwa, wote walikuwa na Gmail zao. Shida yangu ni malipo, bei ni ya dola, na kila kadi ikikataa kukatwa ni presha. Tafuteni wakala wa kuwatoza kwa shilingi.

MzigoBandarini
Bosi kasema kwa nini tusifungue tu Gmail ya bure yenye jina la kampuni 🤦

MamaAsali
Mwambie atafute tenda za serikali kwa Gmail hiyo.

Sheria_Mkononi
Mimi naona mnasahau jambo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nyaraka za forodha zina majina, TIN, pasi za watu. Ukizipeleka kwenye seva za nje umejiandaa?

Fundi_Sinza
Sheria haijakataza kusafirisha taarifa nje, imeweka masharti. Na hiyo cPanel "ya hapa nchini", una uhakika seva zake haziko Ujerumani?

Sheria_Mkononi
Ndiyo maana nikasema waulize. Masharti ni masharti.

Fundi_Sinza
Haya ndugu.

KodiNaKamba
Mzigo, turudi. Uliangalia Track Delivery?

MzigoBandarini
Nimeangalia. Zipo nyingi za usiku, zinakwenda anwani ambazo hatuzijui. Dada anasema paswedi yake ni ileile ya akaunti zake zote.

KodiNaKamba
Badilisha leo, sio kesho, kuanzia na ya hiyo imeili. Kisha angalia kama kuna kanuni ya kufowadi (kupeleka nakala za imeili kwa anwani nyingine) imewekwa kwenye akaunti yake, wadukuzi hupenda kuacha hiyo ili wasome ankara na kubadilisha namba ya akaunti ya benki. Kuhama kunaweza kusubiri.

Kaunta_ya_Excel
Kwenye Microsoft kufowadi nje kumezuiwa tangu mwanzo, inarudi na 5.7.520. Nasema tu.

MzigoBandarini
Nimebadilisha, na kanuni ya kufowadi ipo kweli! Nimeifuta. Na Email Deliverability inasema DKIM haipo. Bosi sasa anauliza kama tukirekebisha haya kuna haja ya kuhama.

PwaniYetu
Ipo.

Fundi_Sinza
Haipo. Lipia miezi mitatu kama wanakubali, uone.

Juma_wa_Kibo
Wakuu samahani kuvamia uzi, mimi nikimtumia mteja napata 452 4.2.2, nayo ni SPF?

Fundi_Sinza
Hiyo boksi la mteja wako limejaa, mpigie simu afute. Na ufungue uzi wako.