Ruzuku ya ada ya kituo cha kulelea watoto baada ya kuhama mkoa (Ontario, Kanada)

Mama Mapacha aliandika:

Ndugu zangu, salaam. Tumehamia mkoa wa jirani, mwendo wa dakika ishirini tu kwa gari, na ofisi ya huku imenirudishia faili zima la ruzuku. Karani alizungushia kalamu nyekundu mstari wa 23600, ule wa kipato halisi, kwenye NOA yangu (taarifa ya tathmini ya kodi), akasema kipato hakina tatizo, ila kwao mimi ni mwombaji mpya. Kule nilikotoka nilisubiri miezi kumi na minne. Je, tarehe yangu ya foleni inahesabiwa, au naanzia mkiani?

Baba Kitindamimba alijibu:

Pole, dada, lakini usikubali. CWELCC, mpango wa kushusha ada za malezi ya watoto, ni wa nchi nzima, fedha zinatoka Ottawa kwa serikali kuu, na Ontario iliutia saini Machi 2022, hivyo haki yako inakufuata. Mimi niliwahi kudaiwa ada ya kuingia kwenye orodha ya kusubiri. Nilipowakumbusha kwamba ada hiyo ilipigwa marufuku tangu 2016, walinyamaza.

Mzee wa Risiti alijibu:

Naomba tusimpotoshe mama wa watu. CWELCC na ruzuku ni vitu viwili. Ya kwanza inashusha ada ya kituo kilichojiunga, ambayo tangu Januari 2025 haizidi dola 22 kwa siku kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, uwe tajiri au maskini. Ruzuku hupimwa kwa kipato, na mfuko wake unashikwa na meneja wa mfumo wa huduma, yaani mkoa au mamlaka ya eneo lako; mameneja hao wako 47 katika jimbo zima, kila mmoja na bajeti yake na foleni yake. Wizara ya Elimu hutoa leseni na kutunga kanuni. Mkoa hugawa fedha, hupanga ni mitaa ipi ipewe nafasi mpya kwanza, na hutakiwa na Sheria ya malezi ya watoto ya 2014 kuwa na mpango wake wa huduma. Ukivuka mpaka, hata wa barabara moja, umehama mfuko. Kupiga kelele kwa mbunge wa Ottawa ni kumlaumu mpishi kwa bei ya sokoni.

Baba Kitindamimba alijibu:

Mzee, sikusema apige kelele. Nimesema fedha zinatoka Ottawa, na hilo hujalikanusha.

Shangazi alijibu:

Mwanangu, wakati mnabishana watoto wanahitaji mlezi Jumatatu. Mimi nilimpeleka wangu kwa mlezi wa nyumbani asiye na leseni, ambaye kisheria haruhusiwi kuzidisha watoto watano walio chini ya miaka 13, wala zaidi ya watatu walio chini ya miaka miwili. Hesabu vichwa mwenyewe pale mlangoni, kwa sababu mlezi wa namna hiyo hakaguliwi kama kituo, na ruzuku huipati kwake.

Mama Mapacha alijibu:

Shikamoo, Shangazi, na asanteni nyote. Nimeusoma mpango wa mkoa usiku kucha: mtaa wetu umo kwenye vipaumbele vya nafasi mpya, lakini kuhusu tarehe ya foleni sikuona hata mstari mmoja. Kama yupo aliyehama akiwa tayari anapata ruzuku, naomba aniambie huko alikofika aliandikiwa tarehe ipi.