Wajomba wana milioni 300: wanunue klabu ya Big League, wafungue akademi au waweke jina kwenye jezi?

MtuWaPakwach

Habari za jioni wadau. Nina wajomba wawili. Mmoja ana maduka Juba, mwingine anaendesha malori Manchester. Wameunganisha milioni 300 za Uganda na wanataka ziingie kwenye mpira, ikiwezekana mpira wa kwetu West Nile. Yule wa Manchester, tangu klabu ya Wrexham ya Wales ipande daraja mara tatu mfululizo, 2023 hadi 2025, halali. Kila simu ni Wrexham. Nimemwambia wale walipanda na kamera za televisheni mgongoni na wenye klabu wanaojulikana dunia nzima. Ananijibu, "Kwani sisi hatuna hadithi?"

Mezani kuna mambo matatu. Klabu moja ya FUFA Big League, yaani daraja la pili la shirikisho la mpira Uganda (FUFA), inatoa asilimia 60 ya hisa (jina nalihifadhi, mazungumzo bado mabichi). Au pesa hiyo hiyo ifungue akademi. Au wadhamini jezi ya klabu hiyo miaka miwili, waone mambo yanavyokwenda. Mimi nimetumwa niulize kwa sababu eti ndiye "ninayejua watu". Sijui watu, nawajua nyinyi.

Kaunta_Busia

Nunueni klabu, acheni woga. Kitara walipanda ligi kuu 2023, msimu uliofuata tu wakabeba Kombe la Uganda. Denis Omedi akafunga bao likaingia kwenye orodha ya tuzo ya Puskás, tuzo ya FIFA ya bao bora la mwaka, Januari 2025 akaenda APR ya Kigali. Na hiyo ni klabu ya Hoima, si ya Kampala! Juu yake AFCON 2027 imewaletea uwanja wa watu 20,000. Aliyeingia pale wakiwa bado Big League leo anacheka peke yake.

MwekaHazina

Kaunta, wewe unahesabu mabao, mimi nimehesabu noti. Nilikuwa mweka hazina wa klabu ya Big League misimu miwili. Jina lake silitaji, wengine bado tunasalimiana msikitini.

Mechi ya nyumbani iko hivi. Meza moja ya mbao langoni, kijitabu cha tiketi, kiingilio 5,000. Uwanja hauna ukuta. Upande mmoja kuna mikaratusi, upande mwingine tumefunga kamba ya katani. Dakika ya 20 nikiangaza macho naona watu kama 900, lakini kwenye kopo la maziwa ya unga tulilofanya kasha kuna pesa ya watu 210. Wengine wako juu ya miti. Wengine wamesimama juu ya lori lililoegeshwa nyuma ya goli tangu asubuhi, na mwenye lori anawatoza elfu moja moja. Nakuapia, siku ile alitushinda kwa faida, maana yeye halipi waamuzi, halipi polisi, hanunui chokaa ya mistari wala hakodi gari la wagonjwa. Sisi magharibi ilitukuta tukimwomba mama wa chakula avumilie hadi mechi ijayo.

Hiyo ni nyumbani. Daraja la Karuma, kwenye barabara ya Kampala kwenda kaskazini, lilipofungwa Septemba 2024 kwa matengenezo, kosta yetu ilibidi izungukie Masindi. Dereva akadai mafuta ya nyongeza, vijana wakashinda na chapati na chai ya rangi, tukafika saa saba usiku. Kesho yake tukapigwa tatu bila. Usiniambie ni wavivu, mtu aliyelala garini huku magoti yamegusa kidevu hawezi kumkimbiza winga.

Pesa ya televisheni? Mkataba wa StarTimes wa 2018 ni dola milioni 7.24 kwa miaka 10. Gawanya mwenyewe: hata kama kila senti ingekwenda kwa klabu 16 za ligi kuu na hakuna mwingine anayegusa, kila moja ingepata kama dola 45,000 kwa msimu. Na mjomba wako anataka kuingia ngazi ya chini ya hapo. Kule Uingereza klabu ikipanda hadi ligi kuu, televisheni peke yake inarudisha mtaji. Huku ukipanda, kinachopanda kwa hakika ni mishahara na urefu wa safari.

Kwa hiyo muulize: hiyo asilimia 60 ni ya nini hasa? Uwanja ni wa manispaa. Gari ni la kukodi. Wachezaji wengi wana mkataba wa mwaka mmoja, msimu ukiisha wanaondoka bure. Kinachobaki ni jina, madeni ya posho, na usajili wa FUFA.

DadaKasese

Mzee MwekaHazina, shikamoo. Nakubali yote isipokuwa hapo mwisho, umetaja usajili wa FUFA kama takataka. Mimi nadhani ndio mali yenyewe.

Tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu au kampuni ya nje kumiliki haki za kiuchumi za mchezaji. Yaani mjomba hawezi kumsomesha kijana, kumlisha, halafu akadai sehemu ya ada yake ya uhamisho kwa mkataba wa mezani. Anayelipwa ni klabu. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka wa kuanzia 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Mtoto aliyekaa kwenu tangu 16 hadi 19, hiyo ni asilimia 2 ya kila uhamisho wake wa kimataifa, hata akiuzwa mara tano. Mbali na hiyo kuna fidia ya mafunzo anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi. Klabu hupangwa kwa makundi kulingana na gharama zao za kulea wachezaji, na klabu ya Ulaya ya kundi la tatu inahesabiwa euro 30,000 kwa mwaka wa mafunzo, ingawa miaka ya 12 hadi 15 huhesabiwa kwa kiwango cha chini. Akienda klabu ya kundi la nne, hakuna fidia. Hapo ndipo wengi hulia.

Sasa akademi isiyo chini ya klabu iliyosajiliwa inabaki ikipunga mkono uwanja wa ndege. Kwa hiyo chaguo la kwanza na la pili si mawili. Akademi bila klabu ni shule, na klabu bila vijana wake ni ile meza ya mbao ya MwekaHazina.

Halafu karatasi! Tangu 2022 FIFA ina ofisi yake ya kupitishia malipo haya, na inasoma historia ya mchezaji iliyosajiliwa kwenye mfumo. Kijana aliyecheza kwenu miaka minne bila kusajiliwa, kwa FIFA hakucheza. Mwekezaji mwenye milioni 300 aajiri kwanza binti mmoja mwenye kompyuta anayejua tarehe za kuzaliwa, kabla ya kuajiri kocha kutoka nje.

Afande_Bombo

Dada umeeleza vizuri, lakini mnasahau atakaocheza nao akipanda. Timu ya jeshi (UPDF), Police, Maroons ya Magereza, URA ya mamlaka ya kodi, KCCA ya jiji la Kampala, NEC ya shirika la jeshi. Timu yangu ikifungwa mechi sita mfululizo, mshahara unaingia tarehe ile ile. Mchezaji wetu ana kazi, ana namba ya jeshi, ana pa kulala. Raia akishindana na sisi kwa pesa ya mfukoni atachoka mapema.

Tena hata BUL ya Jinja nyuma yake iko kampuni ya Bidco. Nionyesheni klabu inayoishi kwa mpira peke yake.

Kaunta_Busia

Vipers!

Afande_Bombo

Vipers inaishi kwa mpira peke yake? Kijana, mwenye Vipers, Mulindwa, ana shule Kitende. Timu ilikuwa Bunamwaya hadi 2012, ikabadilishwa jina, uwanja wa St Mary's ukafunguliwa 2017 kwenye ardhi hiyo hiyo. Wanafunzi wapo, chakula kipo, mabweni yapo, nyasi zipo. Walipowatoa TP Mazembe kwa penalti 2022 na kuingia makundi ya Afrika, watu waliona usiku mmoja. Mimi naona miaka kumi ya kujenga ukuta.

MbongoEntebbe

Natoka Dar ila niko huku mwaka wa sita, kwa hiyo nitapiga porojo za kwetu kidogo. Kwetu kuna njia mbili. Simba wanachama walibaki na asilimia 51, mfanyabiashara Mo Dewji akaahidi bilioni 20 za Tanzania kwa 49, na mabishano hayajaisha mpaka leo kwenye vijiwe vya kahawa. Azam walianza na timu yao, wakapanda ligi kuu 2008, wakajenga uwanja wa Chamazi, 2014 wakawa mabingwa bila kufungwa. Hakuna aliyewauliza wanachama chochote kwa sababu wanachama hawakuwepo. Lakini hata hivyo Azam hawana uwanja unaojaa kama wa Simba na Yanga. Mashabiki hawanunuliwi.

Na msilinganishe na ligi yetu. Mkataba wa televisheni wa 2021 ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, karibu dola milioni 100. Mtaji wa mjomba ungependa Tanzania zaidi, ila Tanzania bei ya kuingia nayo si hiyo.

Kwa ngazi ya chini kweli, angalieni Msumbiji. Brera, kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa Marekani, iliingia mkataba na Tchumene ya daraja la pili mwaka 2023 na mwaka huo huo timu ikapanda. Kwa hiyo wa nje wanazitazama klabu za namna hii. Wanazitazama kwa sababu ni rahisi, na rahisi ina sababu zake.

Green_Light_Arua

Nimesoma yote nikinyamaza, sasa nitasema. Mnaongea kama shabiki ni kiti. Onduparaka yetu ya Arua ilipopanda ligi kuu 2016, uwanja wetu wa Green Light ulijaa mpaka watu wa Kampala wakaogopa kuja. Wamama wa soko walifunga vibanda. Hatukuwa na mwekezaji wa nje, tulikuwa na harambee, na vijana wetu walijulikana majina nyumba kwa nyumba. Muhammad Shaban alitoka kwetu akaenda KCCA, kutoka KCCA akaenda Raja Casablanca 2018. Tulipiga ngoma siku aliyosaini utadhani tumeuza sisi.

Baadaye tukashuka, ndiyo. Upendo haulipi hoteli, najua. Lakini wajomba wakija wakabadilisha jina na rangi, wakahamishia mechi kwenye mji wenye hoteli nzuri, watakuwa wamenunua kopo la maziwa ya unga bila hata zile 210. Wakiwa ni watu wa kwetu kweli waje wakae na wazee, waache asilimia fulani kwa mashabiki, na mlangoni wamweke mtu anayejulikana. Yule mwenye lori hawezi kuegesha akijua klabu ni ya shemeji yake.

DadaKasese

Kaka Green Light, hapo umenigusa. Ila harambee iandikwe. Sheria ya Michezo ya 2023 inataka mambo yaonekane kwenye karatasi, na mwekezaji akikuta klabu ni mali ya kila mtu mdomoni lakini kwenye usajili ni ya watu watatu, atanunua kutoka kwa wale watatu.

MwekaHazina

Marahaba binti. Umenirekebisha kuhusu usajili na sioni aibu. Kwenye klabu yangu tulikuwa na winga mmoja, sasa anacheza nje. Miaka mitatu alikuwa kwetu. Nimefungua daftari langu la zamani baada ya kusoma maelezo yako: jina lake liko kwenye orodha ya chakula, kwenye orodha ya nauli, kwenye orodha ya waliopewa viatu. Kwenye fomu za usajili yuko mwaka mmoja tu, tena umri umekosewa.

MtuWaPakwach

Asanteni. Narudi na habari baada ya wiki mbili.

Nilimwomba mwenyekiti wa klabu hati ya uwanja. Akaniletea bahasha ya kaki, ndani kuna nakala ya barua ya ruhusa ya kutumia kiwanja, ya mwaka mmoja, na mwaka wenyewe umeshapita. Nikauliza orodha ya wachezaji na mikataba. Akasema katibu amesafiri nayo. Nikauliza madeni, akaagiza soda.

Nimewapigia wajomba wote wawili kwa pamoja. Yule wa Juba, mfanyabiashara, alielewa kabla sijamaliza. Tumekubaliana hivi: asilimia 60 tunaiacha kwa sasa. Wanaweka jina kwenye jezi msimu mmoja, sio miwili, kwa sharti kwamba pesa inalipa mishahara moja kwa moja na sisi tunamlipa karani wa usajili, wachezaji wote hadi wa miaka 12. Wakati huo tunatafuta ardhi ya kukodi miaka mingi. Kuna shule moja ina kiwanja na mabweni, mkuu wake ameonyesha nia. Nimewaambia ardhi ikipatikana na karatasi zikanyooka, ndipo tuzungumze hisa, na mashabiki wawemo. Green Light, nitakutafuta tukae na wazee.

Yule wa Manchester alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kumbe alikuwa anawaza. Akauliza jambo moja tu: "Yule mwenye lori nyuma ya goli, bado yupo?"

MwekaHazina

Mwambie yupo. Siku hizi analeta mawili.